Mlango wa Wodi ya Nane

Siku hizi hospitalini hakuna karani wa kumbembeleza. Unatamka unachotaka, na mifumo inaulizana yenyewe.

Tunu alisimama mbele ya mlango wa wodi akatamka, "Nataka kumwona mume wangu, Mbaruku Shemdoe."

Mlango uliuliza mfumo wa hospitali, nao ukauliza mfumo wa ndoa. Lakini mfumo wa ndoa ulikuwa umehamia anwani mpya, na hospitali iliendelea kuita ile ya zamani.

"Hakuna jibu," mlango ulisema. "Tafadhali jaribu tena."

Alijaribu mara kumi na moja. Kupitia kioo alimwona Mbaruku akigeuza kichwa, akimtafuta.

Muuguzi alisogea upande wa pili wa kioo.

"Sista, naomba unifungulie tu."

"Mama, huku ndani hakuna kitasa. Hata mimi hufunguliwa."

"Basi mwambie nipo."

Muuguzi alirudi kitandani, akainama, akamnong'oneza mgonjwa. Mbaruku aliinua mkono kuelekea kioo, kisha mkono ukaanguka. Muuguzi alimshika mshipa, akatamka maneno ambayo Tunu hakuyasikia.

Safari hii mifumo ilijibu papo hapo, na pazia likajifunga.