Bila Kidonge Hata Kimoja

"Usijikaze, dada. Legeza bega."

Muuza dawa hakuweza kulegeza chochote. Alikuwa amelala chali kwenye kitanda chembamba, kichwa kimetokeza nje ya ukingo, na kichwa hicho kilikuwa mikononi mwa mwanamume aliyemfahamu kwa nusu saa tu. Viganja vyake vilikuwa na joto. Kidole gumba kimoja kilikaa chini ya sikio, pale pale mshipa wa damu unapopiga. Aliusikia ukipiga, na alijua mwanamume huyo naye anausikia.

Alikuwa anaogopa. Si ule woga wa kuuficha kwa tabasamu, bali ule wa kukausha mate.

Alikuja shingo upande, kwa maana zote mbili. Kwa miezi minane shingo yake haikugeuka kushoto, na kwa miezi minane alijitibu mwenyewe kwa kilichokuwa karibu. Mtu anayeshinda katikati ya rafu nne za dawa hahangaiki kutafuta. Asubuhi kidonge cha maumivu, mchana kidonge, siku ya kupokea mzigo viwili. Wateja aliwakataza kumeza kabla ya kula. Yeye alimezea chai, tena amesimama. Mpaka siku alipoona choo chake kimekuwa cheusi kama lami, na mchana wake akaanguka nyuma ya kaunta yake mwenyewe. Hospitali walimwongezea chupa tatu za damu. Daktari hakumung'unya maneno: tumbo lilikuwa limechimbika, na vidonge vya aina ile asiviguse tena maishani.

Basi ikabaki shingo, yakabaki maumivu, na akabaki mtu huyu ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mgongo. Hatoi kidonge hata kimoja, walimsifu. Mikono tu.

Shida ni kwamba muuza dawa alikuwa msomaji. Alisoma zile karatasi ndogo zinazokunjwa ndani ya maboksi, zote, na wiki hiyo nzima alikuwa amesoma pia habari za shingo: kwamba ikigeuzwa vibaya, kwa nguvu isiyo na kipimo, mshipa unaweza kuchanika, na mtu akaamka hana nusu ya mwili, au asiamke. Hutokea kwa nadra, waliandika. Neno hilo yeye huwaambia wateja kila siku. Hakujua kuwa halitulizi hata kidogo.

"Unawaza," Fundi Mgongo alisema. "Nayasikia mawazo yako mpaka kwenye misuli."

Alikuwa mtu wa makamo, msafi, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi kwenye vifungo. Tena hakuwa na haraka. Alikuwa ameiangalia picha ya eksirei dirishani kwa muda mrefu, akamuuliza maswali yasiyopungua ishirini. Moja alimuuliza mara mbili, baada ya kunyamaza kidogo kama mtu aliyehama kimawazo: kichwa kinauma upande gani? Muuza dawa alidhani ndiyo namna yake ya kuwanasa waongo. Hata yeye hufanya hivyo.

Alipogeuzwa upande wa kulia, kitu kililia ko ndani ya shingo na moyo ukamlipuka. Kisha joto likashuka mpaka begani, na nusu ya yale maumivu ya miezi minane ikaondoka nalo. Machozi yakamtoka. Akaona haya, mtu mzima na elimu yake, aliyekuwa tayari kukimbia peku.

"Nimekuogopa bure," akasema.

"Wote huogopa. Sasa kushoto, ndiko kwenye kazi. Shusha pumzi."

Vidole vikajipanga upya. Ili kumtuliza, Fundi Mgongo akaendelea kuzungumza. Alimwambia mateso ya vidonge anayajua, hakusimuliwa na mtu. Yeye mwenyewe alivinywa miaka kumi na mitatu, asubuhi na jioni, bila kuruka. Vikawa vinamsinzisha mchana kama paka. Fizi zikavimba mpaka zikakaribia kufunika meno. Majina ya watu aliowahudumia miaka yote yakaanza kumponyoka.

Muuza dawa akampa pole, na pole yenyewe ilitoka moyoni. Kisha masikio yake ya kazini yakaamka. Kusinzia, kusahau, fizi kuvimba, miaka kumi na mitatu bila kuruka. Katika rafu zake zote nne aliijua dawa moja tu yenye karatasi ya namna hiyo.

"Ulimaliza dozi?" aliuliza polepole.

"Vile havina kumaliza, dada. Nimeviacha. Nitawaambiaje watu mwili unajitosheleza, na mimi nina pakiti mfukoni? Jumatatu nimevitupa vyote chooni. Leo siku ya nne."

"Daktari wako anajua?"

"Atajua akiniona mzima."

Watu wanaotumia vidonge vile alikuwa akiwaambia maneno yale yale kauntani, mmoja mmoja, huku akiwaangalia machoni: punguza kwa ushauri wa daktari, kidogo kidogo; usikatishe kwa siku moja, maana kifafa hurudi na nguvu zaidi kuliko kilivyoondoka.

"Kaka," alisema, na sauti ilitoka ndogo sana, "niachie kichwa. Nikae kwanza."

Hakujibiwa. Juu yake, macho ya Fundi Mgongo yalikuwa wazi, yakitazama ukutani mahali pasipo na kitu, na mikono iliyomshika shingo ikaanza kukaza.