Miisho Ishirini na Minane

Severin hakuwa na digrii, hakuwa na gari, wala kiti cha dirishani. Kiti hicho alipewa kijana Mkenya aliyeandika programu ya majina ya Kikorea katika kiwanda chao cha uchapaji mjini Richardson.

"Mzee, hizi code wachia vijana!"

Leo majina yalitoka yamevurugika. Severin alipitisha kidole chenye wino kwenye programu. Kompyuta huipa kila silabi namba kwa kuzidisha: vianzio kumi na tisa, irabu ishirini na moja, miisho ishirini na saba.

Saba? Kijana hakuhesabu silabi inayoishia kwa irabu, isiyo na konsonanti ya mwisho. Hata kukosa kuna nafasi yake.

"Mzee, umeona kitu?"

"Macho yamechoka, mwanangu."

Jioni alimwandikia mwenye kiwanda, aliyeko Houston: kijana amekosea, miisho ni ishirini na minane. Akailamba bahasha, akaifunga, akaitumbukiza posta.