Kizingiti cha Bi Mwanaheri

Mafuriko yaliibeba nyumba ya Bi Mwanaheri, yakamwachia kizingiti tu. Alikuwa akikifagia alipofika mjumbe wa nchi tajiri, zile ambazo moshi wa viwanda vyao umevuruga mvua. Mjumbe alikatiza moja kwa moja palipokuwa sebule, blanketi mkononi.

"Pole, mama. Nimekuletea msaada."

"Umeingia kwangu bila hodi," alisema Bi Mwanaheri, akiendelea kufagia. "Kama ule moshi wenu."

Majirani waliokuwa wakichimbua vyombo vyao topeni waliinua vichwa. Mjumbe alitahayari. Akarudi nje ya kizingiti, akavua viatu.

"Hodi, mama."

"Umekuja kutoa sadaka, au kulipa mlichobomoa?"

Mjumbe alilitazama lile blanketi mkononi mwake. Mvua ikaanza kudondoka tena, naye bado amesimama pale nje, pekupeku, akingoja aambiwe karibu.