Moyo na Unyoya

Tausi alikwenda kwa Bi Nasra, mpiga ramli wa karata, na swali moja: ampokee baba yake au amfukuze? Mzee huyo alimtupa angali mchanga, na sasa alikuwa amerudi mgonjwa, amelala ukumbini kwake.

Bi Nasra alifunua karata aliyoivuta Tausi, yenye mchoro wa Misri ya kale. Mungu mwenye kichwa cha mbweha alipiga magoti mbele ya mizani. Upande mmoja moyo, upande wa pili unyoya.

"Huu ni moyo wa maiti," alisema. "Ukiuzidi unyoya kwa uzito, mwenyewe amepotea."

"Basi baba amepotea," Tausi akasema.

"Mwanangu, karata umeivuta wewe."

Tausi aliitazama tena mizani. Alihisi kifua chake mwenyewe kizito kama jiwe la kusagia. Akaaga, akarudi nyumbani.

Baba alikuwa macho. "Kesho nitakuondokea," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

Tausi aliingia jikoni. Alipika uji mwepesi, akaketi ukingoni mwa mkeka, akaupoza kwa pumzi yake, kisha akamwinulia kijiko. Mzee alimtazama, midomo bado hajaifungua.