Injini ya Marehemu

Bravin aliinamia injini kwa uangalifu mkubwa, mkono mmoja ukimulika kwa tochi ya simu, mwingine ukilinda shati lake jeupe lisiguse grisi. Mtaalamu wa magari ya zamani hachafuki. Hilo alijifunza kwenye video, pamoja na mengine yote aliyoyajua.

"Mama, hii gari ilikuwa ya nani?"

"Ya marehemu mume wangu," Khalayi akajibu. "Aliinunua kabla hajanioa."

Lilikuwa Datsun 240Z jekundu, pua ndefu, viti viwili. Katika kijiji kizima cha Malinya hapakuwa na gari lisilofaa kubebea mahindi kuliko hilo. Kwa miaka ishirini marehemu aliifungua na kuifunga injini yake gerejini, Khalayi akimshikia taa. Khalayi alilipenda, na alitaka libaki. Alisema hivyo bila kuficha siku ya kunyoana nywele baada ya maziko, wazee walipokaa kugawa mali.

"Mwanamke na gari la mbio, wapi na wapi!" mashemeji watatu walicheka.

Wazee, kwa busara yao isiyo na kifani, wakaamua liuzwe kwa bei isiyopungua ya mafahali watatu, ili kila ndugu apate wake. Mjane angepata shukrani. Lakini mwezi ukiisha bila mnunuzi wa bei hiyo, gari lingekuwa lake.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi.

Shikanga, mkubwa wa mashemeji, alikuwa ameshamchagua fahali wake wa kupigana, ameshampa jina, na ameshawatangazia majirani kwamba mwezi ujao watatafuta pa kujificha. Alichokosa ni fahali mwenyewe tu. Ndiyo maana alimfuata Bravin, mnunuzi aliyepatikana, hatua kwa hatua, akicheka hata pale ambapo hakuna kilichosemwa. Mzee Barasa, mzee wa kijiji, aliketi juu ya tairi kuukuu na karatasi ya mgao mkononi, akisubiri kuwa shahidi.

"Injini ni ile ile ya kiwandani," Shikanga alisema. "Tangu Japani haijawahi kufunguliwa."

"Imefunguliwa mara nyingi," Khalayi akasema.

"Mulamwa, shemeji yangu, wacha wanaume waongee. Wewe ulikuwa unashikanga taa tu."

Khalayi akampisha. Moyoni alimjibu mengi, lakini huko hakuna aliyemsikia.

Ghafla Bravin akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyemnasa mwenzake katika uongo.

"Bosi, kuja uone. Hiki kibati cha kiwandani hapa juu kinasema namba ya injini inaishia tatu, moja, saba. Sasa angalia ubavuni mwa injini yenyewe. Nane, mbili, tano."

"Pengine walikosea kuandika."

"Wajapani?" Bravin akamtazama kwa huruma. "Na ona vile mstari umepinda. Kiwandani namba zinagongwa na mashine. Hizi zimegongwa na fundi mlevi."

"Mlevi?" Khalayi aliuliza, na uso wake ulionyesha kweli ameumia.

"Pole, mama. Simsemi mzee. Lakini injini ya hii gari ilishaenda zamani. Hii imetoka kwingine."

Shikanga akanyoosha kidole kwenye injini. "Gusa basi uhakikishe! Sugua kidogo!"

Bravin akaiangalia grisi. Akaliangalia shati.

"Sihitaji kugusa. Macho yangu yananitosha."

"Basi utatoa ngapi?"

"Ingekuwa na injini yake, ningetoa bei ya mafahali wanne bila kuuliza. Vile iko, ni chuma chakavu. Naweza kutoa ya ng'ombe mmoja, na awe mzee."

Shikanga akamgeukia Barasa kwa sauti laini. "Mzee, hata mmoja si haba..."

"Wazee walisema watatu," Barasa akajibu. "Mimi siongezi, sipunguzi."

Bravin aliondoka na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Kabla hajafika langoni alikuwa ameshatuma picha ya ile namba kwenye kundi lao la simu, na wataalamu wenzake arobaini, ambao hata mmoja hakuwa na gari la zamani, walikuwa wameshampongeza.

"Kaka yangu ametucheza hata akiwa kaburini!" Shikanga alifoka. Alitia sahihi kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi. "Haya, mulamwa, kaa na takataka yako. Ikuozee!"

Barasa naye akatia sahihi, akamkabidhi Khalayi karatasi kama anayempa mtu habari za msiba.

"Pole sana, mama. Umeachiwa mzigo."

"Nitazoea," Khalayi akasema.

Aliwasindikiza hadi langoni, akangoja wapotee kwenye kona. Kisha akachukua kisu jikoni, akainama juu ya injini bila kujali nguo, akabandua ubavuni mwake kipande chembamba cha bati alichokuwa amekigonga namba mwenyewe na kukipaka masizi na oili. Chini yake, zimenyooka kama zilivyotoka Japani, zilikuwapo namba zenyewe: tatu, moja, saba.