Mshono Chini ya Rangi

Rangi kuukuu ilipobanduka kwenye mfuniko wa injini, nilisimamisha msasa. Chini yake palikuwa na mshono wa kuchomelea, umepinda kama njia ya siafu.

Mshono wangu. Niliuchomelea nikiwa bado najifunza ufundi, kaka akanicheka: "Umeshona kama mlevi!" Kesho yake aliondoka na gari lake hilo. Mwaka wa tisa huu, hatujamwona yeye wala gari.

"Gari la marehemu baba hili," mteja alisema nyuma yangu. "Nimekulia humu."

Nikamuuliza: "Mzee alilinunua lini?"

"Kabla sijazaliwa."

Aliinama, akaupapasa ule mshono kwa kidole gumba, taratibu.

"Hapa sugua mpaka paishe, fundi. Nisione hata alama."