Chupa za Mchanga za Mudzipela

Jumatatu, tarehe 12 Februari 2024. Asubuhi hiyo upepo mkavu ulipita mtaa wa Mudzipela ukipeperusha vumbi jekundu mpaka ndani ya masufuria, na jua lilikuwa kali hata kabla ya watoto kwenda shule.

Uani kwa Mama Domitille wanawake sita walikuwa wamesimama, kila mmoja ameinua chupa mbili za maji zilizojazwa mchanga. Simu ya Falone iliegemezwa kwenye bidoni la maji. Ndani yake msichana wa nchi ya mbali, mwenye viatu vyeupe, aliruka, akainama, akanyanyua vyuma vyake vidogo, huku akihesabu kwa Kifaransa juu ya muziki.

"Mama Domi, weye unataka kutuua," alisema Bibiane. "Mikono yangu iko inatetemeka."

"Acha itetemeke. Kuangusha tu ndiyo sitaki."

Domitille mwenyewe hakuruka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, shali mabegani, akiwatazama kama mwalimu siku ya mtihani. Mazoezi aliyaanzisha yeye, baada ya mazishi ya Mama Hélène, mjane mwenzake wa kanisani, aliyeuawa na tension, shinikizo la damu. Siku ile watu walikuwa bado wananung'unika kwamba vijana waliokodishwa kubeba jeneza walikuja wamelewa, ndipo Domitille alipowaita wanawake pembeni. "Siye tuko tunakaa sana," alisema. "Kuanzia kesho tufanye mazoezi." Wote waliona amesema kweli. Falone akaleta video, aliyowekewa kwenye simu na fundi wa sokoni.

Hakuna aliyemwuliza zaidi. Waliiheshimu huzuni yake. Wanawe watatu, ndio watoto wote aliojaliwa, waliuawa vitani huko Bule siku moja, naye alikimbia bila kujua walizikwa wapi. Kila asubuhi, kabla simu haijawashwa, aliinamisha kichwa na kuomba: "Bwana, uniachie nguvu ya kumaliza hii kazi." Nao waliitikia amina.

Video ilipoisha, aliongeza mazoezi yake mwenyewe. Aliwapanga mistari miwili, watatu huku na watatu kule, kila mmoja na chupa moja begani. Waliteremka polepole mpaka mwisho wa kiwanja, kisha wakapanda, miguu yote ikigusa ardhi kwa pamoja.

"Hii haiko mu video," Falone alisema.

"Iko mu kichwa yangu."

"Ni ya défilé," Bibiane aliwaeleza wenzake. Sikukuu ya wanawake ya tarehe nane Machi ilikuwa inakaribia, na akina mama wa kanisa lao wangepita mjini kwa gwaride na vitenge vipya. "Tutapita mbele ya wakubwa kama basoda."

Walicheka na kupiga saluti ya kiaskari. Domitille aliwaamuru wateremke tena.

Brigitte, mwanamke wa saba, mrefu kuliko wote na mwenye mikono ya kupondea majani ya sombe, alikuwa ametolewa kwenye mistari mapema. Jambo hilo halikumpendeza.

"Kumbe hii défilé ni ya bafupi tu? Nilikosa nini?"

"Haukukosa kitu. Weye uko na sauti, utatangulia na wimbo. Kwa hawa nataka mabega ya kulingana."

Jambo moja liliwashangaza. Wale sita walipata misuli, wakala zaidi, wakalala vizuri. Aliyepungua ni Domitille, aliyekaa kitini.

"Siye tunatoka jasho, weye ndiye unakonda," Falone alimtania. "Utuonyeshe hiyo dawa yako."

Domitille alitabasamu na kuvuta shali.

Siku zilivyosogea alizidi kuwa mkali. Mmoja akikosea mguu, wote walirudi mwanzo. Asubuhi moja Bibiane aliteleza, chupa ikapasuka, mchanga ukamwagika. Domitille alianza kulia mbele yao, kimya kimya, kama mtu aliyechoka kuficha.

"Munisamehe," alisema. "Wakati haiko mingi."

"Mama, défilé iko mbali bado," Bibiane alimbembeleza.

Alhamisi iliyofuata Bibiane alimsindikiza hospitali. Alirudi macho yamevimba, akasema tu kwamba Mama amechoka. Kesho yake, kwenye bomba la maji, alisimama na wale watano kwa muda mrefu akiwaambia aliyoyasikia hospitali, ndoo zikifurika. Jumamosi walifanya mazoezi yote bila utani hata mmoja, na hakuna aliyekosea mguu.

Jumapili, baada ya ibada, Domitille alimwomba Pasteur Josaphat abaki nje ya kanisa pamoja na waume wa wale sita. Alifika ameshikwa mkono huku na huku, akaketishwa kivulini.

"Leo chupa hapana," alisema. "Mubebe benchi."

Walitoa benchi refu la kanisani, wakalinyanyua, wakaliweka mabegani. Brigitte alitangulia akiimba taratibu. Waliteremka mpaka barabarani, wakageuka, wakapanda tena, na benchi halikuyumba hata kidogo. Domitille aliwafuata kwa macho njia nzima, midomo yake ikitembea katika sala.

"Na benchi nayo itapita mu défilé?" aliuliza mume wa Falone, na wanaume wakacheka.

Domitille alimtazama Bibiane.

"Sema sasa, mwanangu. Pasteur asikie, na hawa wanaume wote basikie."

Bibiane alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Wenzake watano walikuja wakasimama nyuma yake.

"Mbele ya Mungu, mbele ya Pasteur na bwana zetu, naahidi," alisema kwa sauti. "Mama Domitille, siku Mungu atakuita, hakuna kijana wa kukodisha atakayekugusa. Siye sita ndiyo batoto yako, na sanduku yako tutaibeba siye, ku mabega yetu, mpaka ku kaburi."